Phelesia na Sanamu Isiyo na Kichwa

Phelesia Aoko alikuja Osiri, huko Migori, mwaka wa 1993 akiwa na mumewe Joash, mbwa mmoja, na vyungu kumi na viwili vilivyofungwa kwa majani makavu ya migomba visivunjike njiani. Vyungu navikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyenunua cha kwanza. Nilikuwa na kibanda cha chai pale senta ya maduka, kando ya njia ya kwenda kwenye mashimo ya dhahabu. Mimi ni Mkisii, jina langu Kemuma, naye alikuwa Mjaluo wa karibu na Kendu Bay, lakini tuliivana tangu siku hiyo kwa Kiswahili chetu cha sokoni. Yeye alichomeka Kijaluo, mimi nikachomeka Kikisii, na mwishowe kila mmoja alijua mwenzake amesema nini. Aliniita Mama Monari kwa jina la mwanangu wa kwanza, nami nikamwita Mama Risper kwa jina la binti yake, aliyekuwa ameolewa huko Mfangano.

Kwao ufinyanzi ulikuwa kazi ya kurithi. Nyanya yake alifinyanga, mama yake alifinyanga, naye alianza kukanda udongo kabla hajaanza shule. Lakini miaka hiyo mitungi ya plastiki ilikuwa imeingia kila boma, na chungu kilinunuliwa na mtu mmoja mmoja tu, tena mzee. Joash alikuwa fundi wa simiti. Alitengeneza misalaba ya makaburi na vifuniko vya visima. Kazi ilipozidi alimwita mkewe amsaidie, na haukupita mwaka mke akawa fundi kumshinda mume. Joash mwenyewe alisema hivyo mbele za watu na hakuona haya. Kuna mzee mmoja aliyetaka mwana-kondoo wa kuweka juu ya kaburi la mkewe. Phelesia akamfanyia, na yule mwana-kondoo alikuwa amelala vizuri hivi kwamba mbuzi wa jirani walikuwa wakienda kumnusa.

Habari hizo za mwana-kondoo ndizo zilizomfikia Boaz.

Boaz alikuwa na baa pale senta, yenye veranda pana inayoangalia barabara. Wachimbaji walipita hapo asubuhi kabla ya kushuka mashimoni, na mchana waliporudi wamejaa vumbi. Alimwita Phelesia akamwambia anataka sanamu ya mwanamke isimame kwenye veranda, ya kimo cha mtu, ishike sinia. Akaonyesha kwa mikono miwili kifua anachokitaka na nyonga anazozitaka. Phelesia akamuuliza uso uwe wa namna gani. Boaz akasema uso hautahitajika, sanamu iishie shingoni.

"Kichwa cha nini, mama? Kichwa ndicho kinachoanzisha maneno."

Watu waliokuwa pale walicheka. Phelesia naye alicheka pamoja nao. Aliniambia hivyo baadaye na hakujificha nyuma ya kitu chochote. Mvua zilikuwa zimekatika, misalaba haikuwa na wateja, na kazi ilikuwa kazi. Akasuka mifupa ya sanamu kwa nondo, akaivika waya wa kuku, akapaka simiti tabaka baada ya tabaka, kisha akaifunika kwa magunia mabichi wiki nzima ili isipasuke. Alipoifunua, hata mimi nilisimama nikaishangaa. Magoti yalikuwa magoti hasa. Vidole vilivyoshika sinia vilikuwa na kucha. Juu ya mabega hapakuwa na kitu.

Wachimbaji waliipa jina siku hiyohiyo. Waliiita Nyar Simiti, yaani binti wa simiti. Sijui ni nani aliyeanza, lakini haukupita mwezi ikawa ni desturi kwamba anayeshuka shimoni huipiga kofi makalioni kwanza ili apate bahati. Kofi lenyewe lilikuwa la kupita tu, kama mtu anavyogonga mlango akiwa na haraka. Ilifika mahali simiti ikaanza kung'aa hapo nyuma, huku sehemu nyingine zote zikibaki za kijivu.

Baa hiyo ilikuwa na mhudumu aliyeitwa Joyline, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mdomo mwepesi na mwendo wa haraka. Siku moja, kabla ya saa sita, Phelesia alikuwa amekaa kwangu akinywa chai, na kutoka hapo tulikuwa tukiiona veranda yote. Joyline akapita na chupa kwenye sinia. Mwanamume mmoja aliyekuwa akizungumza na mwenzake akanyoosha mkono akampiga kofi lilelile, mahali palepale, wala hakugeuza kichwa kumtazama. Joyline alipogeuka, yule mtu akaomba radhi, akasema alidhani ni Nyar Simiti. Veranda nzima ikaangua kicheko.

Joyline aliweka sinia chini. Akavuka barabara, akaketi kwenye benchi langu karibu na Phelesia. Nilimmiminia chai, hakuigusa.

"Mama Risper," alisema mwishowe, "wanasoma kwako, halafu wanakuja kufanyia mtihani kwangu."

Hakusema kwa ukali. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza Phelesia zaidi. Aliinamisha uso, akamshika Joyline mkono, akamwita *nyathina*, mwanangu, akasimama akaenda nyumbani. Kwa siku tatu hakuja kunywa chai. Joash alipopita nilimuuliza kama mkewe ni mgonjwa. Akasema haumwi, amekaa tu na karai la udongo mbele yake na hafinyangi kitu.

Siku ya nne alikwenda kwa Boaz kumwomba ruhusa aiongezee sanamu kichwa, bila malipo. Boaz alikataa. Alisema wateja wameipenda ilivyo, na sanamu ni mali yake. Phelesia akakubali kwamba ni mali yake, akatoka. Jioni tulikutana kwangu sisi wanne: Phelesia, Joyline, mimi, na Helen, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akichekecha mchanga wa dhahabu pale mtoni. Joyline alitaka tuchukue nyundo. Helen alikuwa tayari hata kuibeba.

"Sitaivunja," Phelesia alisema. "Haina kosa lolote. Imepungukiwa tu. Nimefinyanga maisha yangu yote na sijawahi kutengeneza chungu kisicho na mdomo. Hiki nimekitengeneza, na mdomo sharti kiupate."

Kisha akatueleza alichokuwa akikiwaza siku zile tatu. Tulimsikiliza, na alipomaliza Helen alicheka mpaka akaegemea ukuta wa kibanda, ukuta ukatikisika, na vikombe vyangu viwili vikaanguka.

Siku ya soko Boaz alikuwa na desturi ya kwenda Migori mjini asubuhi kuchukua bia. Siku hiyo alfajiri tulikutana nyuma ya nyumba ya Phelesia. Tulikuwa tumevaa magauni marefu ya zamani, yale ambayo mtu hulimia. Joash alikuwa ameamka kabla yetu. Mimi nilidhani angetukanya, kwa maana Boaz alikuwa mteja wake na alikuwa mtu wa hasira. Badala yake tulimkuta amechutama akikoroga udongo na majivu kwenye karai, akipima rangi kwa kupaka kidogo kwenye kipande cha simiti kikavu. Alisema uji huo usiwe mzito, la sivyo utapasuka tukicheka. Tukajipaka mikono, miguu na magauni, mpaka tukawa wa kijivu kama Nyar Simiti mwenyewe. Vichwani tukavaa magunia madogo yaliyopakwa udongo uleule, yakiwa yamebanwa shingoni. Kwa mbali ungeapa kwamba hatuna vichwa.

Tulipanga safu kwenye veranda, wawili upande huu wa sanamu na wawili upande ule, kila mmoja ameshika sinia. Kisha tukasimama.

Kusimama bila kutikisika ni kazi ngumu kuliko kuchoma mandazi ya watu mia. Kwanza pua iliniwasha. Halafu nzi akatua kwenye kidole changu, akatembea polepole kwenye kila kiungo kana kwamba anasoma. Kupitia matundu ya gunia niliona watu wakianza kupita. Mama wawili waliobeba omena, dagaa wa ziwani, wakasimama, wakasema kwamba Boaz sasa amepata pesa mpaka amenunua watano. Wakaenda zao. Nilisikia Helen, aliyekuwa karibu nami, akipumua kwa shida kwa kicheko alichokizuia.

Wa kwanza kuja alikuwa Magige. Alikuwa Mkuria wa upande wa mpakani, mchimbaji hodari, kijana mwenye mabega mapana, ambaye hakuwahi kupita hapo bila kutafuta bahati yake. Alisimama, akatutazama, akahesabu kwa kidole. Nadhani aliona bahati imezidishwa mara tano. Akapita mbele yangu, akafika kwa Helen, akainua mkono.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba mkono usifike. Ulipokuwa umebakisha shubiri moja, Helen alivua gunia, akageuza kichwa, akamtazama usoni.

"Magige," alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "mama yako hajambo?"

Magige hakukimbia kama watu walivyokuja kusimulia baadaye. Alikaa chini. Aliketi palepale kwenye vumbi, mkono bado uko juu, na kwa kuwa aliulizwa swali la adabu, na alikuwa amelelewa vizuri, alijibu kwamba mama yake hajambo, anasumbuliwa na goti tu.

Hapo ndipo senta nzima ilipokuja. Watu waliacha nyanya zao, waliacha mbuzi wao. Wachimbaji wengine walifika, na kila aliyesukumwa na wenzake asogee, gunia lilivuliwa na akasalimiwa kwa jina lake. Joyline alimwuliza mmoja kama mkewe amejifungua. Phelesia alimwuliza mwingine kama lile kaburi la baba yake limewekewa msalaba tayari. Watu walicheka mpaka wakashikana. Lakini niliona pia kwamba kila aliyesalimiwa aliuficha mkono nyuma, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Nitasema jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe. Kwangu hakuja mtu. Wote waliwaendea Helen na Joyline, na wawili walimwendea Phelesia. Mimi nilisimama na sinia langu mpaka jua likanifika utosini, na nikajikuta nimekasirika kidogo. Nilipomwambia Phelesia baadaye, alicheka sana. Akasema ndiyo nione, ugonjwa wenyewe umetuingia hata sisi, mtu anaona vibaya kwa kukosa kofi ambalo amejipaka matope kulipinga. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi tangu siku ile.

Wakati kicheko kilipokuwa kimetulia Phelesia alisogea mbele. Hakuwa msemaji wa mikutano. Aliweka mkono kwenye bega la Nyar Simiti, akasema kwa Kijaluo kisha kwa Kiswahili kwamba sanamu hii aliitengeneza yeye, na alipoikata shingoni alidhani ameacha nafasi tupu tu, kumbe amewaambia watu kwamba hapa hakuna mtu. Akasema kila mwanamke aliyesimama hapa ana jina na anajua majina yao. Ni hayo tu. Akavaa gunia lake akarudi kwenye safu.

Boaz alirudi akakuta veranda yake imejaa kuliko siku ya mwaka mpya. Aliteremka kwenye pikapu ya bia akiwa amevimba, akataka kujua ni nani ametoa ruhusa. Akamwambia Joyline kwamba hana kazi tena. Lakini watu walikuwa na kiu, soda zilikuwa zikiagizwa kutoka kila upande, na mhudumu aliyejua zilipo alikuwa Joyline peke yake. Ilipofika saa nane Boaz alikuwa amesahau kwamba amemfukuza. Usoni alibaki amekasirika, nadhani kwa ajili ya heshima, lakini hakutufukuza.

Siku ya soko iliyofuata tulisimama tena, na ile iliyofuata pia. Wanawake wengine wawili wakajiunga nasi. Mambo yakageuka kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia: wachimbaji hawakuipiga sanamu tena hata siku ambazo sisi hatukuwepo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kwamba ni simiti tupu. Walianza kuisalimu kwa mbali. Kwanza ilikuwa mzaha, kisha ikawa mazoea. Joyline alisema walianza kumsalimu na yeye.

Aliyekwenda kwa Boaz kuomba sanamu iwekewe kichwa hakuwa mmoja wetu. Alikuwa Magige. Alimwambia kwamba hawezi kuendelea kupita mbele ya kitu ambacho hajui kitasema saa ngapi, ni heri kiwe na mdomo uonekane. Boaz akakubali, akidai kwamba lilikuwa wazo lake tangu mwanzo.

Phelesia alifanya kazi hiyo palepale kwenye veranda kwa siku mbili, na watu walikaa wakamtazama kama wanaotazama mpira. Tulibishana uso uwe wa nani. Helen alitaka uwe wake. Phelesia hakumfuata mtu. Alitengeneza uso wa mwanamke wa makamo, nyusi zimeinuka, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyekatizwa maneno na anangoja umalize ili aendelee. Akaugeuza kidogo upande wa nyuma, kule ambako simiti ilikuwa inang'aa. Boaz aliutazama kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ndogo kwamba huyo ni dada yake mkubwa. Magige akasema hapana, ni shangazi yake wa Isebania. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake, na kila mmoja alimwona mtu wa kwao.

Si kila mtu alifurahi. Kanisani kwake Phelesia aliitwa na akina mama viongozi, wakamuuliza ni mila gani hiyo ya kujipaka majivu na kusimama mbele ya baa. Hakubishana nao. Aliwaalika waje siku ya soko. Walikuja watatu, wakasimama mbali na miavuli yao, na mwaka uliofuata mmoja wao alikuwa miongoni mwetu, tena aliyejua kusimama kuliko sote, kwa sababu alisema amezoea kwenye maombi.

Ofisa mmoja wa maendeleo ya jamii alisikia habari zetu akatualika Homa Bay mwezi wa Machi, 1996, siku ya wanawake. Tulikwenda saba. Uwanja ulijaa, wakubwa walikaa chini ya hema, na sisi tukapanga safu kwenye jukwaa na magunia yetu. Kabla mtu hata mmoja hajasogea, mvua ikatoka ziwani ikatukuta. Haikuwa manyunyu. Ilishuka yote kwa mara moja. Nilimsikia Phelesia akisema taratibu tusitikisike. Basi tukasimama. Udongo ukaanza kuteremka kutoka mikononi, magauni yakarudi kwenye maua yake, mekundu na ya bluu, na miguu yetu ikaonekana ni miguu ya watu. Magunia yalipolemea kwa maji tuliyavua pamoja, ingawa hatukuwa tumepanga hivyo. Uwanja wote uliokuwa umekimbilia chini ya hema ulipiga makofi kwa muda mrefu kuliko mvua yenyewe. Watu walituuliza tulijuaje kwamba mvua itanyesha saa hiyo. Helen aliwaambia kwamba tulikuwa tumeiagiza.

Kutoka hapo kazi zilianza kumfuata Phelesia. Wachuuzi wa samaki wa Homa Bay walichanga wakamwomba sanamu ya mmoja wao, akiwa na kisu na magamba mpaka kwenye viwiko. Kikundi cha ushonaji cha Migori kikataka fundi aliyeinama kwenye cherehani. Abdurahman, muuza simiti wa Migori mjini, alimwekea mifuko kando kila alipopata shehena mpya, kwa sababu alisema hamjui fundi mwingine anayerudi kulalamika kwamba mchanga una uchafu. Joyline aliondoka kwenye baa kwa hiari yake mwaka wa 1997, akafungua hoteli ndogo karibu na soko la Migori, na mpaka leo ukiingia lazima umsalimu kwanza ndipo uagize. Magige amekuwa msimuliaji wa habari hizi. Kila anapozisimulia sanamu zinaongezeka, na mara ya mwisho nilisikia kwamba zilikuwa kumi na mbili.

Phelesia na Joash walirudi kwao karibu na Kendu Bay. Nilikwenda kumtembelea mwaka wa 1999, katika mwezi wa Agosti, nikamkuta kwenye ua wa zahanati moja, amejaa simiti mpaka kwenye nywele. Walikuwa wamemwomba sanamu ya mama mjamzito, naye alikuwa amemkalisha kwenye kiti, miguu imewekwa juu ya stuli, tumbo limetulia mapajani, uso umechoka lakini umeridhika. Ilikuwa nzuri sana, na nilimwambia hivyo.

Lakini wenyewe walikuwa pale, akina mama waliokuja kliniki, wamepanga foleni kwenye kivuli cha ukuta, na hawakuridhika. Mmoja aliinuka kwa shida, akaja akaishika miguu ya sanamu, akatikisa kichwa. Alisema mimba ya miezi minane haina vifundo vyembamba kama hivyo. Akavuta gauni lake juu kidogo akamwonyesha fundi vyake vilivyovimba. Wa pili akaja kuonyesha vyake, na wa tatu, na foleni ikasahaulika, mpaka nesi akatoka kuangalia kelele ni za nini.

Phelesia aliwasikiliza wote. Alipiga magoti, akavipima vifundo vya yule mama wa kwanza kwa kiganja, akaomba radhi kwa mkono wake wa baridi. Kisha akamwita Joash alete karai la simiti.